Kipaji chako umtumikie Mungu nacho vipi: mwongozo wa fundi wa Amu, hatua kwa hatua

Siku moja tumekaa barazani baada ya Isha, kahawa inazunguka, kijana mmoja akaniuliza, fundi, mimi si ustadh, sikuhifadhi, na sauti yangu nikiadhini punda wote wa mtaa wa Langoni watajibu, sasa mtu kama mimi Mungu nitamtumikia kwa kitu gani? Tulicheka sana lakini niliporudi nyumbani swali likanikaa, sababu na mimi nilishaliuliza nikiwa umri wake na hakuna aliyenijibu kwa utaratibu, niliambiwa tu "jitolee mwanangu". Jitolee vipi? Uanzie wapi? Nani umwambie? Na ukichoka je?

Basi nimekaa niandike vile nnavyojua mimi. Mi ni fundi umeme, miaka kumi na kitu nashughulika na spika, feni na mataa ya misikiti na madrasa hapa kisiwani Amu (Lamu) bila malipo, na nimeharibu mambo kadha njiani, mengine nitawaeleza. Mi si sheikh. Pale penye hukumu ya dini muulize sheikh wako, mimi nazungumzia kazi.

1. Andika watu wanakuomba nini

Chukua daftari dogo, ama simu, mwezi mzima uandike kila kitu ambacho watu wanakuomba uwafanyie. Si kile unachopenda kufanya, hapo ndipo wengi tunapopotea. Andika kile unachoombwa. Jirani kakuita umsomee barua ya benki, andika. Shangazi anataka umpimie nguo ya mtoto, andika. Kila kukiwa na harusi wewe ndiye unayeitwa usimame kwenye sufuria, ama wawili wakigombana mtaani watu wanasema ngojeni fulani aje, hiyo ya mwisho ni kipawa kikubwa sana na wenyewe huwa hawajui kama wanacho. Mwezi ukiisha soma daftari lako, utaona kitu kimoja ama viwili vinajirudia.

Mimi nilikuwa napenda kasida. Wallahi nilikuwa nataka watu wanisikie. Nikajipeleka kwa kundi moja, nikaimba mpaka mwisho, mzee anayewafunza akanisikiliza kwa heshima zake zote, nilipomaliza akaniambia, "Mwanangu, hii maiki inakwaruza. Wewe si fundi? Hebu itizame." Jibu langu ndilo hilo nililopewa. Nilinuna siku mbili tatu, kisha nikaenda nikaitengeneza.

Na hili si jambo geni. Adhana yenyewe tunayoisikia mara tano kwa siku, aliyeonyeshwa maneno yake ndotoni ni Abdullah bin Zayd, riwaya iko kwa Abu Dawud, na Mtume (s.a.w.) akamwambia amsomee Bilal ili Bilal ndiye aadhini, sababu sauti ya Bilal inafika mbali zaidi. Yaani mwenye ndoto ni mmoja na mwenye sauti ni mwengine, na kazi ikapewa mwenye sauti. Na Nabii Musa, mtume mzima, kwenye Sura ya 28 aya ya 34 anasema ndugu yangu Harun ana ulimi fasaha kuliko mimi, nitumie pamoja naye. Kujua usichonacho kunakuokolea miaka.

Kisha waulize watu watatu: mamako ama mkeo (mumeo), mtu mnayefanya naye kazi, na mtu ambaye mshawahi kukosana. Huyu wa tatu usimruke, yeye ndiye atakwambia ukweli, na mara nyingine atakutajia jema ambalo hao wawili wameshalizoea hawalioni tena.

Kuna atakayesoma hapa aseme daftari langu halina kitu. Kuna yule mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume, hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, alipokufa masahaba wakamzika, hawakumwambia Mtume, kama vile waliona ni jambo dogo, naye akamuulizia, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia palepale. Ufagio tu ule. Majirani zetu wa kanisani nao wana mfano wa talanta kwenye Mathayo 25, mmoja kapewa tano, mwengine mbili, mwengine moja, na aliyekwenda kuifukia ardhini ni yule wa moja. Talanta kwenye mfano ule ni pesa, tena nyingi, lakini mimi huwa nafikiria sana kwamba aliyefukia hakuwa yule wa tano.

2. Zunguka uone panahitajika nini

Hatua hii watu huiruka na ndiyo ngumu kuliko zote kwa maoni yangu. Mtu ana kipaji cha kuchora, basi anakwenda moja kwa moja msikitini anataka kuchora ukutani. Nani kamwambia ukuta una shida?

Nenda wakati si wa sala. Saa nne asubuhi kwa mfano, msikiti umetulia, ukae tu uangalie. Mimi siku moja nilikaa kwenye msikiti mmoja wa mtaani nikahesabu: mfereji wa udhu unavuja, feni moja inalia kama paka, misahafu imechanika kurasa na imepangwa tu hivyohivyo, ngazi ya kuingilia iko juu na mzee mmoja mpaka ashikwe mkono, kule kwa wanawake spika haitoi sauti kabisa na hakuna mwanamume aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewauliza. Hapo nilikwenda kutafuta kazi ya umeme nikapata kazi ya watu watano tofauti, seremala, fundi mfereji, mtu wa kushona na kugandisha misahafu, fundi mawe na mimi.

Ukitoka hapo nenda madrasa. Uliza maalim, si "nikusaidie nini" maanake atakwambia alhamdulillah hatuna neno, watu wetu wana haya. Uliza, "Maalim, jana ni kitu gani kilikuchelewesha?" Atakwambia yote.

Usiishie msikitini na madrasa, kumtumikia Mungu kuko mpaka barabarani, ama niseme kwenye vichochoro maana barabara zenyewe hatuna. Hapa mji hauna magari, mgonjwa wa mtaa wa Mkomani anabebwa ama anapandishwa mkokoteni mpaka pwani, wa Pate, Faza ama Kizingitini lazima avuke bahari kwa boti ndio afike hospitali. Wewe una boti na unajua maji ya kupwa na kujaa na mikondo ya mlango wa bahari wa Mkanda usiku, hicho ni kipaji, na mama mjamzito saa nane za usiku hakuombi tajwidi, anakuomba injini iwake.

Kuna kazi moja nataka niitaje kwa jina, kuosha maiti. Kila mtu anaikimbia. Mwanamke akifa waoshe wanawake, na ukiangalia wanaoitwa ni walewale kina bibi wawili watatu wa mtaa, magoti yameshakwisha, wanapandishwa ghorofani kushikwa mikono. Wewe dada una moyo mkavu, huogopi, una mkono mpole, na siri unaiweka (hii ya siri ndiyo nusu ya kazi, unachokiona pale hakitoki), basi nenda kwa mmoja wa hao kina bibi umwambie bibi nifunze. Utajifunza maji yanaanzia upande gani, sanda tatu za mwanamume na tano za mwanamke zinavyokatwa na kupangwa, na vile mwili unavyostiriwa mwanzo mpaka mwisho. Kwa mimi nnavyoona hakuna kipaji kinachotakikana zaidi ya hiki mtaani na hakuna anayekitangaza.

3. Nia

Hapa sitakaa sana, masheikh wameshasema yote. Hadithi ya kwanza kwenye Bukhari ni ya nia, kutoka kwa Umar, na kuna ile ya Muslim ya watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa, aliyekufa vitani, msomi na mtoaji mali, wote walifanya ili wasemwe, na walisemwa, basi malipo yao wameshayapata huku duniani. Inatisha ile.

Cha kufanya: kabla hujaanza andika sentensi moja kwenye daftari lako, nafanya hivi kwa ajili ya nani. Kisha jiulize, kazi hii ikifanyika vizuri na jina likatajwa la mwengine, nitaendelea? Mimi nilipojiuliza mara ya kwanza jibu lilikuwa hapana. Nikaanza hivyohivyo. Maanake kuna na mtego wa upande wa pili, mtu anaogopa riyaa (kufanya ili aonekane) mpaka anaacha kazi, na Fudhayl bin Iyadh alishasema kuacha amali kwa sababu ya watu nako ni riyaa. Nia hurekebishwa njiani, kama tanga.

4. Chagua kimoja, kidogo

Sasa una orodha mbili, ya unachoombwa na ya panapohitajika. Ziweke pamoja utafute pale zinapokutana. Ukipata pa kukutana patatu, chagua pamoja tu kati ya hapo patatu. Tamim al-Dari alileta taa akawasha msikiti, imepokewa kwa Ibn Majah kuwa ndiye wa kwanza kuwasha taa misikitini (sisi mafundi umeme tunamhesabu ni wetu huyu). Zayd bin Thabit alikuwa kijana mwenye kichwa chepesi, akaambiwa ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zisomwe na mtu wa kuaminika, akayajua kwa muda wa nusu mwezi. Rufayda alijua kutibu majeraha, akawekewa hema ndani ya msikiti wa Madina, hata Saad bin Muadh alipopigwa mshale alipelekwa kwake. Salman alitoka Uajemi na ujuzi wa handaki, likachimbwa handaki la kuulinda mji wa Madina. Ukitizama hawa wote, kila mmoja alileta kile alichokuwa nacho tayari mkononi, na kila mmoja tunamkumbuka kwa kimoja.

Kama umefungika nyumbani, unaumwa ama unalea mgonjwa, usijitoe kwenye hesabu. Mwana Kupona binti Mshamu wa huku kwetu alikuwa mgonjwa kitandani mwaka 1858 alipomtungia bintiye ule utenzi wa mawaidha. Alikuwa na ushairi na alikuwa na binti, akafanya kwa hivyo viwili. Leo mtu yuko kitandani na ana simu, anaweza kusikiliza watoto watatu wakimsomea juzuu kwa njia ya sauti jioni akawasahihisha. Ama anashona kofia. Zile kofia zetu za mkono zinachukua wiki nyingi mpaka miezi, tundu kwa tundu, na mtu akinuia katika kila kofia tano moja iwe ya kuuzwa kwa ajili ya daftari na kalamu za madrasa, hajatoka hata mlangoni kwake.

Kidogo nikisema nina maana kidogo kweli. Saa mbili kwa wiki. Hadithi mnaijua, amali inayopendwa zaidi na Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo. Kijana anaanza na siku sita kwa wiki, wiki ya tano humuoni.

5. Nenda kwa wenye mahali, kwa adabu

Usiingie na bisibisi mkononi. Kila msikiti una imamu na una kamati, na kwenye kamati kuna mzee mmoja ambaye asiporidhika hakuna kitakachofanyika, mtafute huyo kwanza. Nenda baada ya Alasiri, si kabla ya sala watu wana haraka. Maneno niliyotumia mimi ni kama haya:

"Asalaam alaykum ami. Mimi ni mwana wa fulani, wa mtaa fulani. Nimeona spika ya upande wa kina mama haitoi sauti. Nina ujuzi wa kazi hiyo, naomba ruhusa niiangalie Jumatano asubuhi. Mikono ni bure. Vifaa nikiona vinahitajika nitawaletea bei muamue wenyewe. Nijaribu kwa miezi mitatu, mkiona sifai mniambie, sitakasirika."

Kila neno hapo lina kazi yake. Umejitambulisha kwa ukoo, hapa Amu hilo kwanza. Umetaja shida moja tu, hukusema msikiti wenu umechakaa. Umetaja siku. Umetenga mikono na vifaa, na umewapa mlango wa kukutoa bila kuvunjiana heshima, huo wazee wanaupenda sana.

Wakikataa? Mimi nilikataliwa pahali pamoja mara mbili, mzee akasema tuna fundi wetu. Nikanyamaza nikaenda kwa huyo fundi wao nikamwambia ukihitaji mtu wa kushika ngazi niite. Aliniita. Nikashika ngazi mwaka mzima, na kwa kushika ngazi nilijifunza kwake mambo ambayo chuoni sikufunzwa.

Msimu mzuri wa kuanza, kama huna pa kuanzia, ni Maulidi ya mfungo sita. Wageni wanajaa kutoka pwani nzima na ng'ambo, msikiti wa Riyadha unafurika, kuna mashindano ya punda na majahazi, kuna wa kulishwa na wa kulazwa, vichochoro vya kufagiwa, na hakuna mkono unaokataliwa wiki ile. Utajijua mwenyewe unaweza nini ukichoka. Tahadhari tu, wengi wanaonekana Maulidi na kupotea mpaka Maulidi mengine, na misikiti ina miezi mengine kumi na moja.

6. Fanya kama unalipwa, tena na mteja mkali

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Mwaka mmoja nilipewa kazi ileile ya spika ya wanawake. Wanawake wako chumba cha juu, imamu hawamuoni, wanamfuata kwa sauti peke yake. Wiki hiyohiyo nilikuwa na kazi ya kulipwa Shela, kwenye nyumba ya wageni. Kule Shela nilitia konekta nzuri, boksi lisiloingiza maji, skrubu zisizoshika kutu, nikapima mara mbili. Msikitini nikasokota waya kwa mkono, nikazungushia selotepu, ile ya karatasi, nikasema inshallah itashika. Sababu gani? Sababu ni bure, na mtu akitoa bure kuna kitu ndani yake kinamwambia washukuru hata hicho.

Hewa yetu ya bahari inakula shaba. Waya ukiuacha wazi miezi michache unageuka kijani, unavunjika wenyewe. Ramadhani ikaingia, usiku wa taraweh, katikati ya rakaa sauti ikakatika. Chini imamu anaendelea, juu kina mama wamesimama, hawajui karukuu ama kasujudu, wengine wakaenda, wengine wakabaki, mama yangu alikuwa miongoni mwao. Hakuniambia neno la ukali. Aliniambia asubuhi kwenye daku tu, "Ile spika uliitengeneza wewe, sivyo?"

Nilikwenda nikaifungua, nikaona selotepu yangu imelowa inaning'inia. Kwa mgeni wa Shela konekta, kwa Mungu selotepu.

Kwa hivyo saa hii nina kanuni zangu, wewe utazigeuza kwa kazi yako. Kifaa kiwe kilekile ambacho ningemtilia mteja anayelipa, kama kamati haina pesa ya kifaa kizuri nasubiri, sifungi kibaya. Najaribu Jumatano, si Ijumaa asubuhi, ili kikiharibika niwe na siku mbili. Narudi baada ya mwezi kuangalia maunganisho ya nje yote, na spika za juu ya paa nazikagua kabla ya kusi kuanza kuvuma. Na nachora, kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati la ampu, waya upi unakwenda wapi, fyuzi ipi ni ya nini, ili nikiwa safarini ama nikiwa nimekufa mtu mwengine asianze kukatakata.

Mpishi naye: usikisie. Hapa kwetu kilo moja ya mchele wa pilau tunahesabia watu saba ama nane, wageni mia ni kilo kumi na tatu na zaidi, andika, pima, na uonje kabla ya sufuria kutoka, chakula cha sadaka kisicho chumvi ni chakula kibaya tu, usisingizie baraka. Mwalimu wa kujitolea: andaa somo jana yake, mtoto anajua mara moja kama hukuandaa. Msomaji kasida, fika kwenye mazoezi. Imepokewa na Bayhaqi kwamba Mungu anapenda mmoja wenu akifanya kazi aifanye kwa ukamilifu, na sikuona pahali palipoandikwa "ila akiwa halipwi".

7. Mambo ya pesa

Mafupi lakini yashike. Mikono yako ni sadaka, vifaa ni vya kamati. Usinunue kwa pesa zako kimyakimya halafu moyoni ukawa unadai, ama useme wazi hii nimetoa, ama ulete risiti. Pesa za mchango zisipite kwenye simu yako hata siku moja, hata wakikuomba, hata ni shilingi mia tano, ziende kwa mweka hazina ama akaunti ya msikiti. Watu wema wameharibikiwa majina hapo na kila mtu ana mfano wake.

Kuchukua ujira kwa kazi ya ufundi msikitini si aibu, fundi ana watoto. Kuhusu adhana, kufundisha Qur'ani na mfano wa hayo, maulamaa wana maneno yao, kuna hadithi ya Uthman bin Abil-As kuambiwa achague muadhini asiyechukua ujira, basi muulize sheikh akufafanulie. Ninachokataa mimi ni kusema bure halafu ukasubiri bahasha. Sema bei ama sema bure, moja.

Ukiwa na kitu cha kudumu, shamba, chumba, kisima, jahazi, hiyo ni wakfu na ina sheria zake, nenda kwa kadhi mapema uandikiwe ungali hai, usiwaachie wanao ugomvi.

8. Weka mpaka

Ukijulikana unafanya vizuri na ni bure, simu haitanyamaza. Msikiti wa kwanza ukawa mitatu, madrasa mbili, harusi ya mwana wa imamu, friji ya shemeji yake. Mimi nilikubali yote. Swichi ya jikoni kwangu ilikaa miezi minane imeharibika, mke wangu anawasha taa kwa kijiti cha mbao asipigwe na umeme, mume fundi umeme. Siku moja akasema, "Nyumba hii na yenyewe ungeitilia wakfu labda ungekuja kuitizama."

Salman alipomtembelea Abu Dardaa akamkuta anafunga na kusali mpaka mkewe amesahauliwa, akamwambia Mola wako ana haki kwako, nafsi yako ina haki, na watu wa nyumbani kwako wana haki, mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) akasema Salman kasema kweli.

Basi mimi siku yangu ni Jumatano asubuhi. Anayepiga simu Jumapili namwambia ami, Jumatano inshallah, ila kama kuna waya unatoa cheche hapo nakuja sasa hivi. Kukataa kunafunzwa, sema "wiki hii siwezi, muulizeni fulani," ukiwa na fulani wa kumtaja umemfaa na yeye.

Na kuna kupumzika. Ukiona unaenda huku unanung'unika na kila mtu kwako hana shukrani, soma Sura ya 76 aya ya 9, wale wanaolisha watu wakisema hatutaki kwenu malipo wala shukrani, kisha ukae nyumbani wiki mbili ukalale.

9. Mfunze mwengine mapema

Usingoje uzeeke. Habib Swaleh alitoka Ngazija akaja Amu mwishoni mwa karne ya 19, angeweza kukaa na elimu yake kwa masharifu na wakubwa wa mji tu, lakini aliwafungulia darasa watoto wa Langoni na watu ambao wakati ule hawakuwa wakihesabiwa, wakiwemo wazawa wa watumwa, na maulidi ya matari akayaingiza msikitini na baadhi ya wakubwa wakakasirika sana. Mpaka leo Riyadha, aliyoiasisi yeye, inatoa walimu. Elimu aliitoa kwa waliokuwa nje ya mlango, ndio maana ikaenda mbali.

Kwa kazi zetu ndogo utaratibu ni huu. Tafuta kijana mmoja, si kundi. Mwezi wa kwanza ashike ngazi na ataje jina la kila kifaa. Kisha afanye yeye huku wewe umesimama mikono nyuma, na hapa ndipo kwenye kazi, sababu mkono utakuwasha kumnyang'anya bisibisi, usimnyang'anye. Akikosea mrekebishe mkiwa wawili, asiaibishwe mbele ya kamati. Akiweza, mpeleke kwa imamu umtambulishe kwa jina la babake, na simu zingine zianze kupigwa kwake. Utasikia wivu kidogo siku ya kwanza akipigiwa yeye. Mimi nilisikia.

Wangu nilimuokota hapohapo barazani, ana miaka kumi na saba, ndiye yule wa sauti ya punda. Jumatano iliyopita tulikuwa juu ya paa tunakagua spika, akaniita, "Fundi, huu waya wa ardhi uliufunga lini? Umelegea." Nikamwambia haiwezekani, nimeufunga mwenyewe. Nikapanda nikaushika.

Ulikuwa umelegea. Nikampa bisibisi.